Uliza Fundi: Kabla hujamlaumu mwenye intaneti, kagua waya

Habari za huko wasomaji wangu. Toka toleo lililopita nilipogusia kidogo habari za waya wa netiweki meseji hazijakoma, Nyegezi, Igoma, Bwiru, mpaka kule visiwani Ukerewe, na karibu wote mnalalamika intaneti mbovu au kamera mbovu. Lakini nikizisoma taratibu naona wengi wenu mnagombana na watu wasio na kosa, kosa liko kwenye ule waya uliopita ukutani ambao toka fundi aondoke hakuna aliyeuangalia tena. Kazi ya kuvuta waya naifanya hapa Mwanza mwaka wa 17 sasa, na kitu kinachoniuma ni kuona mtu anabadilisha rauta mara mbili, anabadilisha kifurushi, anabadilisha na kompyuta, wakati tatizo lilikuwa plagi ya mwisho wa waya. Kwa hiyo leo ukurasa wote tunaupa waya.

*Dada fundi za kazi. Nina steshenari Nyegezi, mashine nne, wanachuo wanakuja kuprinti na kufanya maombi yao. Nimelipia faiba ya Mbps 200, nikipima kwa simu pembeni ya rauta napata 180 na kitu, ila kwenye kompyuta za waya kila nikipima ni 94, haipandi haishuki. Nimepiga simu kwa walionifungia mara nne wanasema kwao kuko sawa. Naibiwa? Mwenye steshenari, Nyegezi*

Huibiwi kaka, na hiyo 94 yako imenisaidia sana kwa sababu ingekuwa intaneti ndo mbovu ungeona leo 60 kesho 130 keshokutwa 20. Namba ikiganda pale pale 94 maana yake waya wako unaongea kwa spidi ya 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde (Mbps), ile sita iliyopungua ndo inaliwa na maelezo ya anwani yanayobandikwa kwenye kila kipande cha data kinachopita, ni kama bahasha na anwani zinavyochukua uzito kwenye mzigo wa posta.

Sasa kwa nini 100 wakati vyombo ni vya 1000? Ndani ya waya wa netiweki kuna nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Spidi ya 100 inatumia jozi mbili tu, zile zinazokaa kwenye namba 1, 2, 3 na 6 za plagi. Spidi ya 1000, yaani gigabiti, inataka jozi zote nne bila kukosa hata uzi mmoja. Ukichomeka waya, vyombo viwili vinasalimiana kwanza vinakubaliana twende spidi gani, na vikikuta jozi nyingine haipo au imekatika mara nyingi vinashuka kimya kimya mpaka 100 na kazi inaendelea. Hakuna taa nyekundu wala ujumbe, wewe unaona tu intaneti ipo.

Nilimuomba kaka huyu anipigie picha ya plagi kwa karibu, aigeuze upande ule usio na jino la kufungia, aishike dirishani mwanga upite. Akatuma. Ndani ya plastiki zilionekana nyuzi nne tu, nyeupe yenye mstari wa machungwa, machungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, na kijani. Bluu na kahawia hazikuwepo, na kwenye picha ya pili alipovuta gamba nyuma kidogo zikaonekana zimeunganishwa kwenye plagi nyingine inayoenda mashine ya jirani. Fundi wake alikuwa na waya mmoja na mashine mbili, akaugawa. Zamani hilo lilikuwa linafanyika sana na kwa intaneti ya Mbps 4 hakuna aliyehisi kitu, leo unalipia 200 unapata nusu.

Dawa yake vuta waya wa pili, au kama kuvuta ni shida weka swichi ndogo ya gigabiti, kile kisanduku cha kugawa netiweki, upande wa mashine, waya mmoja uingie wenye nyuzi zote nane kisha swichi igawe. Na kabla hujafanya hayo angalia matundu ya nyuma ya rauta yako yenyewe, zipo rauta waifai yake inaruka vizuri lakini matundu yake ya waya ni ya 100, hapo hata ubadilishe waya wote wa Nyegezi utabaki na 94 yako.

*Shikamoo dada fundi. Nimeanza ufundi mwaka huu, niko Igoma. Rangi zangu nazipanga vizuri, machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, pande zote mbili sawa kabisa na testa inawasha taa nane kwa mpangilio. Waya wa mita 2 unafanya kazi ila wa mita 40 intaneti inakatika katika mpaka mteja amekataa kunilipa. Nimekosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu kosa hili hili nililifanya mwaka wangu wa kwanza, na ni kosa gumu kweli maana testa inakutetea.

Ile testa ya taa nane inajibu swali moja tu, je uzi namba moja huku umetokea namba moja kule. Basi. Haijui huyo namba tatu amesokotwa na nani, na siri ya waya huu wote iko kwenye kusokotwa. Kila jozi inabeba ishara ile ile mara mbili, uzi mmoja unapanda mwingine unashuka kwa kipimo kile kile. Ikija kelele ya nje, labda mota ya feni, mashine ya kuchomelea ya jirani, au jozi nyingine ya ndani ya waya huo huo, inazipiga nyuzi zote mbili sawa kwa kuwa zimekumbatiana, na chombo cha upande wa pili kinachukua tofauti tu ya nyuzi hizo mbili, kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe. Aliyeleta mbinu hii ni Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, mwaka 1881, kabla hata watu hawajaota kompyuta. Tena ukifungua waya wako uangalie vizuri utaona jozi moja imesokotwa kwa kubana na nyingine kwa kulegea kidogo, hawakukosea kiwandani, wamezifanya ziachane mizunguko ili zisisikilizane.

Sasa rudi kwenye plagi. Chombo kinategemea namba 1 na 2 ziwe jozi, 3 na 6 ziwe jozi, 4 na 5 jozi, 7 na 8 jozi. Hiyo 3 na 6 ndo inawaangusha vijana. Wewe ulivyopanga mbili mbili, namba 3 umeweka nyeupe-kijani, namba 6 umeweka bluu. Hawa hawajasokotwa pamoja, kila mmoja amesokotwa na mtu mwingine. Kwenye mita 2 kelele ni ndogo inavumilika, kwenye mita 40 taarifa zinaharibika njiani, zinarudiwa kutumwa, zinaharibika tena, mteja anaona intaneti inakata.

Mpangilio unaoitwa T568B ambao karibu mafundi wote niliofanya nao kazi hapa wanaufuata ni huu, ukiishika plagi jino likiwa chini na midomo ya shaba inakuangalia juu, kuanzia kushoto: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ona kijani kilivyoruka bluu akamfuata mwenzake mbali. Sababu ni ya simu za zamani, laini ya simu ilikuwa inakaa katikati kabisa ya plagi, kwa hiyo waliopanga waliiacha bluu katikati na kijani ikabidi izunguke nje. Upo na T568A, ule unabadilishana machungwa na kijani, nao ni mzuri vile vile na hauna tofauti ya spidi, cha muhimu pande zote mbili ziwe za aina moja.

Na kitu kingine ambacho hukuniuliza ila nakuambia kwa kuwa najua vijana mnavyofanya maana nawaona: mkifungua waya mnasokotoa sentimita tano sita ili rangi zipangike kirahisi, af mnabana plagi gamba likiwa nje. Usisokotoe zaidi ya milimita 13, hiyo ni kama upana wa kucha ya kidole gumba. Panga rangi ukiwa na urefu wa kutosha, zinyooshe kwa kuzipitisha kati ya vidole, kisha kata zote usawa mmoja kwa mkasi mkali, ndo uingize mpaka uone vichwa vinane vya shaba vinang'aa mbele ya plagi na gamba limeingia chini ya kile kiulimi cha plastiki kinacholibana. Gamba likibaki nje siku mama wa nyumba akivuta meza tu nyuzi zinachomoka.

Mwambie mteja wako utabana plagi upya bure pande zote mbili. Waya hauna shida, ni vichwa tu.

*Habari za leo dada. Nina gesti ndogo Bwiru, niliweka kamera sita. Mchana zote zinaonekana. Ikifika saa moja usiku mbili za nyuma zinazima, zinawaka, zinazima mpaka asubuhi, na usiku ndo nazihitaji. Fundi kabadilisha kamera, hali ile ile. Anasema ni wadudu wa ziwani wanaingia. Mama wa gesti*

Nzuri mama yangu, pole sana. Wale wadudu ni kweli wakija kama wingu wanajaza kioo na picha inakuwa nyeupe tupu, lakini hawazimi kamera. Kamera yako inazimwa na njaa.

Nilienda mwenyewe Jumamosi kuangalia kwa sababu sikupenda mama akae na kamera za mchana tu. Fundi aliyefunga alipitisha umeme kwenye waya ule ule wa netiweki, na hilo si kosa, hata kitaalamu lipo na lina viwango vyake ambavyo mafundi tunaita PoE, cha kwanza kilitoka mwaka 2003, swichi inatoa hadi wati 15.4 na kamera inahakikishiwa wati 12.95, hizo zingine zinapotelea njiani kwenye waya. Ila yeye hakutumia swichi ya hivyo, alichukua adapta ya kawaida ya volti 12 akaisukumia kwenye jozi ya bluu na ya kahawia. Na kamera za nyuma ziko mita 60.

Nikachukua kipande kilichobaki stoo, nikavua gamba, nikachukua uzi wa bluu nikaukwangua na wembe. Juu rangi ya shaba nzuri tu. Chini ya shaba, nyeupe kama sufuria. Nikaukunja huku na huku, mkunjo wa nne ukakatika. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, kwenye boksi huwa wanaandika herufi tatu CCA pembeni kwa maandishi madogo, na mara nyingine hawaandiki kabisa. Kopa tupu, yaani shaba halisi, ukiukwangua ni nyekundu mpaka katikati na ukiukunja unavumilia.

Hesabu yake mama ni hii. Uzi wa kopa wa kawaida wa waya huu una ukinzani, yaani namna unavyouzuia umeme, wa karibu ohm 9 kwa mita 100. Kwa mita 60, nyuzi mbili zikienda na mbili zikirudi, jumla inakuja kama ohm 5 na nusu. Aluminiamu iliyopakwa shaba ukinzani wake unazidi kwa zaidi ya nusu, unafika kama ohm 8 na nusu. Mchana kamera inakula labda robo ampia, njiani zinapotea volti mbili, inafikiwa na kumi, inaishi. Giza likiingia inawasha taa zake za infraredi zile zisizoonekana kwa macho, sasa inataka nusu ampia, njiani zinapotea volti nne na zaidi, inafikiwa na saba na kitu, inazima. Ikizima taa zinazimika, mzigo unapungua, volti zinarudi, inawaka, inawasha taa, inazima tena, hivyo hivyo mpaka jua litoke. Ndo maana kubadilisha kamera hakukusaidia.

Tulichofanya: tumetoa zile adapta, tumeweka swichi ya PoE ambayo inasukuma volti kama 48. Volti zikiwa nyingi hivyo kamera inahitaji ampia kidogo sana kwa kazi ile ile, na kinachopotea njiani kinakuwa volti moja na kitu, haiihisi. Kamera zake tulikagua kwanza kwenye lebo kama zinakubali PoE, maana isiyokubali ukiichomekea unahitaji kitenganishi kidogo mbele yake kinachoirudisha 12. Waya wa aluminiamu wa zile mbili za nyuma tumeutoa tukavuta wa kopa, kwa sababu aluminiamu kwenye plagi inalegea na kuota kutu nyeupe kadri siku zinavyoenda, na mama yuko hatua chache na ziwa, unyevu wa usiku pale si mchezo. Mzigo ukiwa mkubwa kwenye waya kama ule unapata joto pia, na mimi joto ndani ya dari ya mbao silitaki.

Naomba mnisikilize hapa wote. Viwango vya Cat5e na Cat6, yaani madaraja ya waya wa netiweki, vinataka kopa tupu. Boksi lililoandikwa Cat6 huku ndani ni aluminiamu si Cat6 hata bei iwe nzuri namna gani. Ukienda dukani omba muuzaji akate kipande cha kidole kimoja, kwangua hapo hapo mbele yake. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai. Nyanyua na boksi pia, boksi la kawaida lina mita 305 na la kopa ni zito, la aluminiamu unalinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu.

*Fundi mambo. Dukani wananiambia ninunue Cat8 ya kuchezea gemu, eti Cat6 ni ya zamani. Kweli? Kijana wa Pasiansi*

Poa. Usinunue. Cat8 imetengenezwa kwa vyumba vya mashine kubwa za kuhifadhi data, mwisho wake mita 30, spidi yake 25 hadi 40 gigabiti, kompyuta yako na rauta yako hazijui hata pa kuanzia. Cat5e ya kopa inakupa gigabiti mpaka mita 100. Cat6 inakupa hiyo hiyo, na hata 10 gigabiti kama njia haizidi mita 55, kwa mita 100 zote tafuta Cat6A. Kwa nyumba mpya mimi naweka Cat6 kwa sababu kufumua ukuta ni gharama kuliko tofauti ya bei, kwa gemu chumbani kwako Cat5e inatosha kabisa.

*Dada naweza kuunganisha laptopu mbili moja kwa moja nihamishe mafaili? Nimesikia inahitaji waya maalumu.*

Zamani ndiyo, ulihitaji waya uliobanwa upande mmoja T568A upande mwingine T568B ili anayeongea akutane na anayesikiliza. Vyombo vya gigabiti vinajigeuza vyenyewe, chomeka waya wowote mzima.

*Habari yako binti. Mimi ni mwalimu mstaafu, Nansio. Wajukuu wameniletea kompyuta na nimeona wameandika neno ethaneti kwenye lile tundu. Nimefundisha fizikia miaka mingi, etha ninayoifahamu mimi ilishafutwa. Ni hiyo hiyo? Na kwa nini waitumie?*

Shikamoo mwalimu. Ni hiyo hiyo, na nimefurahi sana mtu kuniuliza hili. Kama ulivyowafundisha watu, wanasayansi wa karne ya 19 waliamini kuna kitu kinaitwa etha kimejaa kila mahali na ndicho kinachobeba mwanga, mpaka Michelson na Morley walipopima mwaka 1887 wakaikosa. Sasa tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe, akiwa kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, aliandika waraka wa kueleza namna ya kuunganisha kompyuta za ofisini, na yeye na David Boggs wakaitengeneza. Wazo lake lilikuwa waya mmoja unaopita kila mahali, kila kompyuta imening'inia hapo, inamwaga ujumbe wake na zote zinausikia, anayehusika anauchukua. Huo waya usio na akili yoyote, unaobeba tu, akauita etha.

Ethaneti ya kwanza ilikuwa na spidi ya Mbps 2.94. Waya wenyewe haukuwa huu wetu, ulikuwa kebo moja nene, kompyuta mpya ikija walikuwa wanaitoboa ile kebo kwa msumari maalumu mpaka ufike kiini. Ikikatika sehemu moja ofisi nzima inalala. Kiwango chake kilitangazwa mwaka 1983, na mwaka 1990 ndo ukaja wa jozi zilizosokotwa, kila mtu na waya wake mpaka kwenye kituo cha katikati, kwa hiyo leo panya akikata waya wa chumba cha wajukuu wako chumba chako kinaendelea. Gigabiti kwenye waya wa shaba ilifuata mwaka 1999. Metcalfe mwenyewe alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2022, ambayo kwa watu wa kompyuta hakuna kubwa zaidi.

*Habari za kazi fundi. Nafanya biashara ya dagaa Igombe. Ofisi na ghala vimeachana mita 180, katikati ni mawe. Nilivutiwa waya wa kawaida ule wa kijivu juu kwa juu kwenye miti, ukafanya kazi wiki tatu kwa kusuasua, juzi radi ya alfajiri ikaua swichi, rauta na kompyuta ya hesabu kwa pamoja. Nirudishie waya gani imara zaidi?*

Pole sana mzee wangu. Usirudishie waya wa shaba wa aina yoyote, hata uwe mzito kama mkono.

Kwanza umbali. Ethaneti ya shaba mwisho wake ni mita 100, na kwenye hizo tunahesabu 90 za ukutani na 10 za vipande vya kuunganishia. Kwa 180 ishara inafika imechoka, ndo huko kusuasua. Pili, ule wa kijivu ni wa ndani ya nyumba, gamba lake likipigwa na jua la huku miezi michache linapasuka, mvua inaingia inatembea ndani ya waya mpaka kwenye plagi. Wa nje ni mweusi na gamba gumu, mwingine una jeli ndani ya kuzuia maji.

Lakini hata ungeweka ule mweusi radi ingekupiga. Ziwa letu lina radi nyingi mno, hasa usiku wa manane na alfajiri, upepo wa nchi kavu unateremka kutoka kila upande unakutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanapanda. Radi si lazima ipige waya wako, ikipiga hata mti wa jirani, ardhi ya ofisini na ardhi ya ghalani kwa sekunde ile zinakuwa na volti tofauti kabisa, na wewe umeziunganisha kwa shaba, kwa hiyo umeme unatafuta njia hapo. Kila tundu la netiweki ndani lina vitransfoma vidogo vya kutenganisha, vimepimwa kuvumilia volti 1500, na mbele ya radi hicho si kitu. Niliwahi kufungia taasisi moja majengo mawili kwa waya wa shaba kwa kuwa walitaka nafuu na mimi nikakubali, masika ya kwanza tu swichi mbili na mashine tano zikaungua usiku mmoja, nilifungua ile swichi nikakuta yale matundu meusi na harufu yake naikumbuka mpaka leo. Toka hapo jengo kwa jengo siwezi tena kuvuta shaba.

Weka faiba, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme, radi haina pa kupita. Kila upande unaweka kibadilishi, kasha dogo lenye tundu la faiba upande mmoja na tundu la waya wa kawaida upande mwingine, na faiba ya uzi mwembamba ile ya masafa inaenda kilomita kadhaa, mita 180 haizihisi. Nunua ya nje yenye gamba jeusi ambayo haina waya wa chuma ndani wa kuibebea, maana ukichukua yenye chuma umerudisha njia ya radi kwa mlango wa nyuma, ipo inayoimarishwa kwa nyuzi zisizopitisha umeme. Usiitundike kwenye miti, pitisha kwenye paipu kando ya mawe, na ghalani paipu liingie mpaka kwenye kasha kabisa kwa sababu panya wa ghala la dagaa mzee unawajua kuliko mimi. Kuchomelea vichwa vya faiba kunahitaji mashine, kwa hiyo agiza ambayo imeshafungwa vichwa kiwandani kwa urefu wako, au tafuta fundi mwenye mashine hiyo mjini. Umeme wa TANESCO unaoingia majengo yote mawili nao ufungiwe kinga ya radi na waya wa ardhi uliopimwa, kwa sababu faiba inaziba njia moja tu.

Ukitaka nianze kukutafutia bei nitumie urefu kamili. Chukua kamba, tembea nayo pale pale faiba itakapopita, panda na ushuke nayo ukutani pande zote mbili, kisha uipime. Usinipe ile 180 ya kuangalia kwa macho, ukishazunguka yale mawe inaweza kuwa 230 na faiba iliyofungwa vichwa kiwandani hairefushwi.